Taa Mpya za Kamyo: Nani Amezifunga?

Ndugu wafanyakazi wa Misisi, siku hizi kila kamyo inayopanda kutoka Baraka inataka kuvaa taa za LED. Sisi hatuzikatai. Zinakula umeme kidogo, hazina uzi mwembamba wa kukatika katika mashimo ya njia, tena zinawaka papo hapo dereva anapokanyaga breki. Tunachokataa ni namna zinavyofungwa: usiku, kando ya njia, kwa kisu na kipande cha mfuko wa plastiki.

Kamyo kubwa nyingi zinatumia volti 24, yaani batri mbili za volti 12 zilizofuatana. Mtu ananunua sokoni taa ya volti 12 kwa kuwa bei ni ndogo. Akiifunga hivi hivi, inaungua. Basi anafanya ujanja, anachukua umeme kwenye batri moja tu. Taa inawaka, naye anasifiwa. Lakini batri ile inachoka, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na siku si nyingi kamyo inasukumwa kila asubuhi. Nunueni taa iliyoandikwa volti 24, au 10 mpaka 30.

Ampuli ya zamani haikujali waya upi ni chanya na upi ni hasi. LED inajali. Ukigeuza haiwaki, na wengi wamezitupa taa nzima wakidhani ni mbovu. Waya wa hasi usishikizwe kwenye bati lenye kutu. Ufikishwe kwenye shasi iliyokwanguliwa vizuri. Na kabla ya kugusa lolote, toeni kwanza hasi ya batri.

Taa za kukata kona nazo huanza kupepesa mbio. Kile kidude kinachozipepesa kilizoea ampuli ya wati 21; kikiona umeme kidogo kinadhani ampuli imekufa. Badilisheni kidude chenyewe. Wengine wanaongeza rezistansi, nayo inapata moto wa kuyeyusha plastiki: ikiwa hakuna njia nyingine, ifungwe juu ya chuma, mbali na waya.

Kuhusu fyuzi hatuna huruma. Anayeweka msumari mahali pa fyuzi aondolewe garaji. Fyuzi inalinda waya, si taa. Waya ukipata moto, ngozi yake inawaka, na kamyo zetu zinabeba mapipa ya mafuta ya pampu, juu yake wamekaa akina mama na watoto. Huko Sange, juu ya njia hii hii ya taifa namba 5, tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka, likawaka, wakafa watu zaidi ya 200. Si waya uliolipindua. Lakini tuliona moto wa mafuta unavyokwenda.

Neno jingine: taa nyeupe kali zisielekezwe nyuma. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 yanataka nyekundu nyuma, nyeupe ni ya kurudi kinyumenyume tu. Anayekufuata katika vumbi akiona nyeupe anadhani unamjia.

Kumlaumu dereva peke yake si haki. Mkubwa anayetaka kamyo itoke jioni ile ile ndiye anayemnyima fundi umeme nusu siku ya kazi. Nusu siku hiyo itolewe. Nanyi akina mama, kabla ya kupanda, mwambieni dereva akanyage breki, mtoto azunguke nyuma aangalie. Taa zote mbili zisipowaka, msipande.