Vyambo vya Kunasa Kimelea

Katika tone la damu ya mgonjwa wa malaria wa Kileo, chini ya Milima ya Upare, vinasaba vya binadamu huvizidi mno vya kimelea. Maabara huvinasa vya kimelea kwa vyambo, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoshikamana na mfuatano unaolingana navyo.

Kubuni vyambo kwa jenomu ya 3D7 pekee, iliyochapishwa mwaka 2002 na yenye asili ya kimelea cha mgonjwa wa Uholanzi, si busara. Jeni ya hrp2, ambayo protini yake hutafutwa na vipimo vya haraka, isiponaswa yaweza kudhaniwa imefutika. Na kipimo kizuri kikaachwa bure! Kabla ya kuagiza vyambo, mtafiti avilinganishe na sampuli za Tanzania zilizomo katika kanzidata ya MalariaGEN.