Hikaya za Njia ya Tabora Ziandikwe

Aghalabu mgeni afikaye Tabora hupelekwa Kwihara, akaoneshwa tembe walimokaa Dakta Livingstone na Stanley mwaka 1872, akaelezwa habari za wasafiri hao wawili, kisha akarudi mjini akiamini ya kuwa tarehe ya mahali hapa amekwisha kuijua. Simlaumu mgeni huyo, wala siwalaumu waliolihifadhi tembe, maana kumkumbuka mgeni ni katika ada za uungwana. Walakini njia iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo na Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora yenyewe, hata Ujiji, ilikanyagwa na maelfu ya Wanyamwezi na Waswahili waliobeba pembe, nguo na shanga, na kila jioni mizigo ilipotuliwa na moto kuwashwa, watu hao nao walisimuliana waliyoyaona.

Wako wasemao kwamba binadamu husimulia ili apitishe wakati. Mimi naitakidi kwamba hikaya ni shahada, na asiyetoa shahada yake mwenyewe hutolewa na mwingine, kwa kadiri ya mapenzi au chuki ya huyo mwingine. Stanley alipigana na Mtemi Mirambo wa Urambo mwaka 1871, akiwa upande wa Waarabu wa Tabora, wakashindwa. Na katika maandiko yake ya siku zile Mirambo ni haramia tu. Walipokutana mwaka 1876 wakachanjiana damu, kalamu ile ile ikamfanya Mirambo muungwana mpole mwenye haiba. Mirambo hakugeuka, aligeuka msimulizi.

Lakini hikaya inayonigusa zaidi katika njia hii ni ya Susi na Chuma. Bwana wao Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga ndani ya gome na kitambaa cha tanga, wakaushika mwendo wa pwani. Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, akawashauri wamzike papo hapo. Nao, ijapokuwa walikuwa watu wa ujira mbele ya mwenye cheo, wakakataa. Walipoipita Tabora wakafika Kasekera, na wenyeji wakazuia maiti isipite nchini mwao. Ndipo walipofunga bunda la uongo lenye sura ya maiti, wakawapa watu walirudishe Unyanyembe kana kwamba linakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, ukapita. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, na Aprili 18 mwili ukazikwa Westminster Abbey, Susi na Chuma wakiwa hawapo. Baadaye waliitwa Uingereza, mchungaji Horace Waller akawauliza moja baada ya moja, na kwa vinywa vyao ikapatikana sehemu ya mwisho ya kitabu cha safari za bwana wao. Wasingalisimulia wao, akili ile na uaminifu ule vingalizikwa pamoja nao, kama zilivyozikwa habari za wapagazi wengine wa msafara ule ambao hakuna aliyewaketisha na kuwauliza.

Amma kwa lugha yetu wenyewe, hatukuachwa mikono mitupu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora akaoa binti wa Mtemi Fundikira, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Selemani bin Mwenye Chande naye aliacha habari ya safari yake ya bara, iliyochapishwa na Mjerumani Velten mwaka 1901. Ni hazina adhimu. Hata hivyo Tippu Tip husema kama mwenye mali, na ndani ya maneno yake mpagazi na mtumwa hupita kama hesabu ya mizigo, bila ya jina wala kilio. Shahada ya mwenye pembe haiwezi kusimama badala ya shahada ya aliyezibeba, seuze ya yule aliyefungwa mnyororo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi ukafifia. Hivyo waliosikia habari za njia kwa kinywa cha mpagazi mwenyewe wamekwisha kuwa wachache mno. Chukua mfano wa Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyeiwasha baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani. Taarifa za Wajerumani zimehifadhiwa, lakini wajukuu wa waliokuwamo bomani husema nini? Nawasihi walimu wa Tabora, Nzega, Urambo na Sikonge wawatume wanafunzi kwa wazee, waandike kwa Kinyamwezi kama inavyosimuliwa, kisha kwa Kiswahili, na kila hikaya iwe na jina la msimulizi na la aliyemsimulia. Yaandikwe na ya utumwa, hata kama yanazitia aibu baadhi ya nyumba zetu. Nayo halmashauri itenge chumba, kabati na mtunzaji, ili daftari hizo zisomwe na umma. Na wewe msomaji, ikiwa babu au bibi yako angali hai, muulize juma hili, uandike.