Diski ni yangu, laptopu ni yangu, ruhusa ni ya nani?

Muvi ya flashi haijawahi kuniuliza maswali. Unaenda kwa yule jamaa wa muvi pale steji, unampa flashi yako, unachagua, unalipa, unafika kejani unabonyeza mara mbili na mambo yanaanza. Hakuna cha laiseni, hakuna cha "ingiza ufunguo halali". Sasa jaribu kuwa mtu mwaminifu. Nunua Blu-ray halisi kwa pesa zako, itumbukize kwa laptopu yako uone maajabu.

Msimamo wangu ni huu: hii teknolojia inamsumbua mnunuzi kuliko inavyomsumbua mwizi, na sisi huku tunasumbuliwa mara mbili. Nitaeleza kwa nini. Na kwa sababu najua wengine mmekuja tu kujua ni programu gani inafanya kazi, hiyo pia nitawaambia. Lakini tulieni kwanza, kwa sababu shida haianzi kwa programu.

Inaanza kwa draivu. Hizi laptopu za ex-UK tunazonunua tao, ikiwa na tundu la diski basi karibu kila wakati ni tundu la DVD. Diski zenyewe zinafanana kwa macho, ukubwa ni ule ule, kwa hivyo mtu anaiweka, inazunguka, inapiga kelele, halafu kimya. Anaanza kushusha programu moja baada ya nyingine. Bana, hapo hakuna programu itakusaidia. DVD inasomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray inasomwa kwa leza ya buluu inayoelekea zambarau, nanomita 405. Mwale mwembamba unasoma alama ndogo zaidi, ndio maana DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7 na Blu-ray ya tabaka moja inabeba 25, na ya matabaka mawili 50. Leza nyekundu haiwezi kusoma hizo alama hata uiombee. Angalia uso wa draivu: lazima kuwe na herufi BD. Kama imeandikwa DVD pekee, rudisha. Na ukiuziwa ile ya nje ya USB, usikubali maneno ya "hii inasoma kila kitu, boss". Mwambie aweke diski hapo hapo dukani. Nyingine zinahitaji umeme wa matundu mawili ya USB ndiyo zizunguke vizuri, hilo pia ulijue kabla ya kutoa chapaa.

Haya, tuseme draivu iko sawa. Unaweka diski. Windows inakuangalia tu. Windows haijawahi kuja na uwezo wake yenyewe wa kucheza muvi ya Blu-ray, na kuanzia Windows 8 mwaka wa 2012 hata DVD waliiondoa kwa toleo la kawaida. Apple nao hawajawahi kuweka draivu ya Blu-ray ndani ya Mac hata moja. Steve Jobs alilalamika hadharani mwaka wa 2008 kwamba mambo ya laiseni ya Blu-ray ni vurugu tupu. Fikiria hiyo. Kampuni tajiri kiasi hicho zinaona hizi laiseni ni balaa, halafu wewe mwenye laptopu ya mkopo ndiye unaambiwa ujipange.

Basi unakimbilia VLC, kama kila mtu. Ile koni ya machungwa imetulea wengi. Inafungua DVD, inafungua faili zilizoharibika nusu, inafungua vitu hata hujui vilitoka wapi. Ukiipa Blu-ray ya dukani inakujibu na neno AACS.

AACS ni kufuli. Muvi iliyo ndani ya diski imevurugwa, na programu iliyoidhinishwa inapewa funguo za kuirudisha sawa. Mpaka hapo sina neno kubwa. Noma ni kwamba zile funguo zinaweza kufutwa. Zikivuja za programu fulani, diski mpya zinazotoka kiwandani zinakuja na amri ya kuikataa hiyo programu mpaka isasishwe. Kwa hivyo unaweza kuwa na programu uliyoinunua kihalali, imecheza diski zako zote za zamani bila shida, halafu unaleta moja mpya na inakataa. Ni kama kupanga ploti ambayo landlodi anabadilisha kufuli ya geti kila mpangaji mmoja akipoteza ufunguo. Wewe umelipa rent, lakini unalala nje mpaka fundi wa kufuli apatikane. Na fundi akifunga biashara?

Na ile kufuli yenyewe haikuzuia kitu. Mwaka wa 2007, mimi nikiwa nasari, funguo moja ya hiyo AACS ilivuja. Tovuti ya Digg ilipojaribu kuifuta mwezi wa Mei, watumiaji waliiandika tena na tena hadi wenye tovuti wakanyoosha mikono. Ilikuwa tu nambari ndefu. Watu waliivaa kwa tisheti. Tangu hapo wanaotaka kunakili wananakili, na yule jamaa wa flashi hajawahi kukosa muvi hata wiki moja. Anayebaki kwa geti ni mnunuzi.

Sasa programu. Ya kulipia inayojulikana zaidi ni PowerDVD ya CyberLink, kampuni ya Taiwan. Inacheza, menyu zinafunguka, sauti iko safi, lakini hakikisha ni toleo linalotaja Blu-ray, kwa sababu matoleo ya chini yanaishia DVD. Unalipa kwa dola, na kwa mtu wa hapa hiyo ni bei ya kununua muvi ngapi za flashi, piga hesabu mwenyewe. Ya bure iliyo rahisi ni Leawo Blu-ray Player. Sura yake inachosha na inapenda kukuuzia vitu vingine, lakini kwa mtu anayetaka kuona muvi leo jioni bila kusoma maelekezo, ningemwambia aanzie hapo.

VLC pia inaweza, ukiisaidia. Inahitaji faili ya libaacs na faili nyingine ya funguo inayoitwa KEYDB, kila moja ikae mahali pake. Watu wengi wanakwama kwa kitu kidogo sana: VLC ni ya biti 64 na libaacs waliyoshusha ni ya biti 32, au kinyume. Hazisikizani kabisa, na hakuna ujumbe utakaokuambia hivyo. Ukitaka menyu za diski zifunguke unahitaji pia Java, kwa sababu menyu nyingi za Blu-ray ni programu ndogo za Java, najua inashangaza. Bila Java unaweza kuruka menyu na kwenda moja kwa moja kwa muvi. Na diski yako isipokuwa kwa orodha ya KEYDB, au ikiwa na kufuli ya pili inayoitwa BD+, pole.

Halafu kuna MakeMKV. Hii haichezi diski kama zile nyingine, inaitoa muvi nzima kwa diski na kuiweka kama faili ya MKV ambayo kila kitu kinafungua. Imekuwa ya bure "kwa muda wa majaribio" kwa zaidi ya miaka kumi, majaribio marefu kuliko chuo. Faili moja inaweza kula GB 30 au zaidi, kwa hivyo ile laptopu yako yenye nafasi ya GB 128 italia. Niwe mkweli kuhusu sheria pia: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haitaki mtu akwepe kufuli za kiteknolojia. Sikutumi ufanye. Ninachosema ni kwamba sheria ingefaa kumtenganisha mtu anayefungua diski aliyoinunua ili aitazame kitandani kwake na mtu anayechoma nakala mia auze. Hao si watu sawa, na kila mtu mtaani anajua si sawa.

Kuhusu zile za 4K, zilizoanza kuuzwa 2016, nitapita haraka kwa sababu hadithi yake inakera. Ili kucheza ile diski kwa kompyuta kwa njia rasmi ulihitaji kitu ndani ya prosesa za Intel kinachoitwa SGX. Intel wakakiondoa kwa prosesa zao mpya za kawaida. Kwa hivyo kuna laptopu ya zamani inayoweza, na mpya ya bei mara mbili isiyoweza. Kama una diski za 4K tafuta PS5 yenye tundu la diski, usiumize kichwa. PS4 inacheza Blu-ray ya kawaida vizuri, ila mara ya kwanza lazima uiunganishe na intaneti iwashe hicho kipengele. 4K haichezi, hata ile Pro.

Nilisema tunasumbuliwa mara mbili. Mara ya pili ni hii.

Blu-ray imegawanya dunia kwa kanda tatu: A, B na C. Sisi tuko B, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Marekani na Japani wako A. India na China wako C. Sasa chukua filamu inayoitwa Touki Bouki, ya Djibril Diop Mambéty, Senegal, mwaka wa 1973. Vijana wawili wa Dakar, Mory na Anta, pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele, wanatafuta nauli ya kwenda Paris kwa njia zozote zile. Ukiiona leo utafikiri imepigwa na mtu wa rika letu. Ilifanyiwa ukarabati na mradi wa sinema za dunia wa Martin Scorsese, kazi nzuri sana, na Criterion wakaiuza Marekani kwa Blu-ray. Kanda A. Mandabi ya Ousmane Sembène, ya 1968, mzee wa Dakar anayesumbuliwa na ofisi moja baada ya nyingine kwa sababu ya pesa alizotumiwa kutoka Paris, hiyo pia. Kanda A.

Kwa hivyo filamu imepigwa Afrika, na Waafrika, kuhusu Waafrika, na ndugu yako aliye Dallas akikununulia na kukubebea, mashine inayofuata sheria huku Afrika inaikataa. Nikisikia watu wanasema vijana wa Nairobi hawajui sinema ya Afrika, mimi huwa nauliza: tungeijulia wapi? Programu za kulipia zinakuruhusu kubadilisha kanda, lakini mara chache tu. PowerDVD ni mara tano, halafu unabaki ulipofika. VLC haina huo ukali, ina mahali pa kuchagua A, B au C kwa mipangilio yake na unaendelea na maisha. Kwa hiyo sababu peke yake naipenda zaidi ya zile za kulipia, pamoja na ule usumbufu wote wa faili.

Na msiniambie ati teknolojia ndiyo inataka hivyo. Zile diski za 4K hazina kanda kabisa, za Marekani zinacheza hapa na za hapa zinacheza kule. Hakuna kilichoanguka. Hata kwa Blu-ray ya kawaida, mwenye filamu anaweza kuamua diski yake ifunguke kanda zote. Ni uamuzi wa biashara, na aliyeamua hakuwa anatufikiria sisi.

Kuna mtu sai anasema, lakini buda, nani bado ananunua diski? Netflix walifunga ile huduma yao ya kutuma DVD kwa posta Septemba 2023. Sony waliacha kutengeneza Blu-ray tupu za kuchoma Februari 2025. Ni kweli, hii kitu inazeeka. Lakini ndiyo sababu naongea sasa. Muvi ya kustrimu inaweza kuondolewa usiku na usiulizwe, na data ya kuiona kwa ubora wa juu ndani ya nyumba isiyo na waifai ni pesa ya unga. Diski iliyo kwa rafu haili data. Shida yake ni ile kufuli tu. Siku watengenezaji wa programu wataona hailipi tena kusasisha funguo, zile diski zitakuwa visahani vya chai, na kila mtu aliyelipa atakuwa amekodisha bila kuambiwa. Ninachotaka si makubwa: kampuni ikijiondoa kwa hii biashara, iache funguo nyuma. Ukihama nyumba unarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Na hapa mwenye nyumba ni aliyenunua diski.

Kwa wale mnaopiga filamu hapa Kenya na mnafikiria kutoa diski, hata kama ni hamsini tu za kuuza kwa onyesho: mkienda kiwandani kuchapisha, AACS ni lazima, haina mjadala, lakini kanda muombe zote tatu. Mkichoma wenyewe kwa BD-R, AACS haihitajiki. Nilichomewa moja na rafiki anayepiga filamu fupi, nikaiweka kwa draivu ya nje, VLC ikaifungua bila KEYDB, bila libaacs, bila neno.