Programu ya mjomba imekubali, na hapo ndipo nilipoogopa

Wiki iliyopita niligeuka fundi kompyuta. Kazi yangu ni kuandika habari, lakini kwenye ukoo wetu ukishamaliza chuo kikuu wewe ni fundi wa kila chenye waya.

Aliyenipigia ni mjomba, rubani mstaafu ambaye bado anarusha Cessna ya rafiki yake mara mojamoja. Kanunua laptopu mpya yenye Windows 11, na ana CD ya mwaka 1998 ya kupanga safari za ndege. Unaingiza utokako, uendako, upepo na mwendo wa ndege, yenyewe inakupa uelekeo, muda na mafuta. "Mjomba, hebu niwekee hii, Jumamosi naenda Mbeya."

Ikagoma katakata. Sababu niliipata usiku. Programu yenyewe ni ya biti 32, na Windows ya leo bado inazipokea hizo. Ila faili la kuisimika liliandikwa kwa biti 16, na Windows za biti 64 haziendeshi kitu cha biti 16. Windows 11 nayo haina toleo la biti 32. Yaani mgeni hana tatizo, tatizo ni gari lililomleta.

Nikatengeneza kompyuta bandia ndani ya laptopu, nikaiwekea Windows XP kutoka kwenye CD yake ya zamani, nikaikatia intaneti (XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwaka 2014), ndipo nikasimika programu. Jioni mbili hizo. Ramani zikafunguka na rangi zake zote, mjomba akacheka kama mtoto, mimi nikatengewa pilau.

Kisha akachora Dar mpaka Mbeya. Mstari ukaishia kiwanja cha zamani, mjini. Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 nje ya jiji, hakipo. Tukasogeza ramani: Juba bado iko Sudan!

"Songwe naijua, nimetua pale mara nyingi," akasema. "Nitaiandika mwenyewe."

Anaweza, na hesabu za upepo na mafuta hazizeeki. Lakini mimi sikuogopa alichokijua. Masafa ya redio, njia za angani, maeneo yaliyozuiwa, vyote hivyo hurekebishwa duniani kote kwa mzunguko wa siku 28. Tangu 1998 imepita mizunguko zaidi ya 300. Hata kaskazini ya dira inahama, ndiyo maana modeli ya usumaku wa dunia hutolewa upya kila miaka 5, ya karibuni ikiwa ya 2025. Atayaandika yote hayo kwa mkono?

Mnisamehe mafundi wenzangu wa kujitolea, lakini naona laptopu ilipogoma ilikuwa haina madhara kwa mtu. Mimi ndiye niliyeizunguka. Ramani ya karatasi ikizeeka inachakaa, unaiona. Programu ya 1998 inang'aa kama ya leo asubuhi na haikwambii umri wake. Ukimwekea mzee wako programu ya namna hii, kuifanya ifunguke ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwonyesha data iliyomo ni ya lini, hata kama atanuna.

Na mjomba alinuna. Anasema ile CD aliinunua mara moja, hizi za kwenye tableti unalipia kila mwaka, tena kwa dola. Ana hoja. Kwa mtu anayeruka mara mbili kwa mwezi hiyo si hela ndogo, na sioni kwa nini programu uliyoinunua ikufie mkononi kwa sababu ya faili moja la kuisimika.

Sikuifuta. Nimeandika "DATA YA 1998" kwa herufi nyekundu kwenye skrini ya ile kompyuta bandia. Tukakubaliana ipige hesabu tu, viwanja na masafa asome kwenye taarifa za sasa za Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Jumamosi alitua Songwe salama. Jumapili kanipigia tena, anataka nimtafutie bei za hizo za kulipia kwa mwaka.