USAFI UANZE KWA WANAOSAFISHA

Ndugu wanachama,

Siku hizi ofisi nyingi, stesheni na hospitali hazina tena wafagiaji wao wenyewe. Kazi ya kufagia, kuosha vyoo, kukata majani na kuzoa taka hupewa kampuni za nje kwa tenda. Kampuni hizo huandika ukutani kwamba zatunza mazingira na kuwajali watu. Maneno hayo ni mazuri, wala hatuyapingi. Lakini nyumba njema si mlango. Twawaomba wenye kampuni wafungue tuingie ndani.

Tuanze na taka. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Mapipa ya rangi rangi twayaona barazani. Lakini jioni likija lori moja na kuchanganya yote, mapipa yale ni pambo tu. Anayejua habari hiyo ni mama anayebeba mifuko. Je, amepata kuulizwa na ye yote?

Tena kuna dawa. Dawa ya klorini ikichanganywa na asidi ya kuoshea vyoo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Mfagiaji aliyepewa chupa zisizo na maandishi atajuaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe glavu, viatu na miwani kwa wanaoshika vitu vya kudhuru. Na penye wafanya kazi 20 au zaidi, iwepo kamati ya usalama. Kampuni isiyo na kamati hiyo isitueleze habari za kuitunza dunia.

Sasa ukibarua. Wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waligoma Januari 1947 kwa sababu ya mishahara midogo na maisha magumu. Mambo mengi yamebadilika tangu siku zile. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe mfanya kazi wa mwezi, na mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Hata hivyo wapo wenzetu wanaoitwa vibarua mwaka baada ya mwaka, nao hawajaona karatasi yo yote.

Hapa lawama si ya kampuni peke yake. Mwenye jengo achukue kalamu. Azidishe idadi ya wafagiaji kwa mshahara wa chini uliowekwa na serikali, aongeze NSSF, sabuni na glavu. Ikiwa bei ya tenda haifiki hapo, pengo litazibwa na nani? Litazibwa na tumbo la mfagiaji. Anayechagua bei hiyo akijua hesabu yake hawezi kunawa mikono.

Kwa hiyo twataka mambo manne:

1. Tenda yo yote ionyeshe mishahara itakayolipwa, na bei isiyotosha ikataliwe.
2. Kila mfagiaji apewe mkataba na karatasi ya mshahara.
3. Pesa za NSSF, na zile 2.75 kwa mia za bima ya afya zilizoanza kukatwa Oktoba 2024, zifike zinakotakiwa, na mfanya kazi aonyeshwe kwamba zimefika.
4. Vifaa vya kujikinga vitolewe bure, na dawa zielezwe kwa Kiswahili.

Nanyi ndugu, mfagiaji wa kampuni ya nje si mgeni wetu. Twapita sakafu moja, twatumia choo kimoja. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama. Kesho asubuhi mkimsalimu, mwulizeni kama ana mkataba. Akisema hana, mleteni ofisini kwetu. Tukimwacha leo, tenda ya kesho itakuwa ya kazi zetu.

Umoja ni nguvu.