Mbunge na Kandarasi za Serikali: Achague Moja



Abu Bakr Siddiq (R.A.) alipokabidhiwa ukhalifa mwaka wa 11 Hijria, alionekana asubuhi akielekea sokoni, nguo za biashara begani. Umar (R.A.) akamuuliza aendako, akajibu kuwa ana familia ya kulisha. Ndipo akakadiriwa posho kutoka Baitul-Mali, imtoshe yeye na ahali zake, aache biashara ashughulikie umma. Hakuna aliyemtuhumu wizi. Ilitosha kwamba mtu mmoja hawezi kushika mizani mbili.

Nakikumbusha kisa hiki kwa sababu ya wabunge wenye kandarasi za Serikali. Ibara ya 67 ya Katiba yetu ya 1977 yasema mtu hana sifa za kuwa mbunge ikiwa ana maslahi katika mkataba wa Serikali uliowekewa miiko maalumu kwa sheria ya Bunge, naye akaikiuka miiko hiyo. Ibara ya 71 inamvua kiti likimkuta jambo hilo akiwa tayari bungeni. Lakini tazama vyema, msomaji: mkataba peke yake haumwondolei mtu sifa. Sharti Bunge litunge miiko kwanza, na watungaji ndio hao hao watakaobanwa nayo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 yamtaka kiongozi atangaze maslahi yake katika mikataba ya Serikali. Ni jambo jema. Ila aliyetangaza aweza kubaki na mkataba wake na kiti chake. Wahindi, katika sheria yao ya uchaguzi ya 1951, wamekata shauri: mwenye mkataba ulio hai wa kuiuzia Serikali bidhaa au kuifanyia kazi za ujenzi hana sifa.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa kali kuliko hivyo, likimkataza kiongozi hisa, ukurugenzi wa makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikalegeza. Siombi turudi huko. Mbunge kulima tumbaku Urambo si dhambi. Dhambi huanzia pale mnunuzi wake anapokuwa Serikali ile ile anayotakiwa kuihoji.

Sisi wa Tabora tusihitaji kufundishwa hili. Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alithubutu kuwatoza kodi wafanyabiashara wakubwa, wengi wao Waislamu wenzetu, tukiri. Mnamo 1860 walimwondoa, akatawazwa Mkasiwa. Mtemi aliyekalishwa kitini na wenye mali angewatozaje? Na mbunge anayesubiri hundi ya wizara atamuulizaje waziri kwa nini barabara imebomoka kabla ya masika ya pili?

Wapo watakaosema kampuni itaandikishwa kwa jina la mke au shemeji. Kweli, na kwa hiyo miiko imfuate anayefaidika, si jina lililo kwenye karatasi. Wengine watalalamikia gharama za kampeni. Abu Bakr (R.A.) alipewa posho ili udhuru huo uondoke, na wabunge wetu hawakunyimwa mishahara.

Basi mgombea ajapo Isevya au Gongoni kuomba kura, aulizwe mbele ya watu: malori yanayomwaga kokoto kwenye barabara yetu ni ya nani, na mkataba wake ameusaini nani?