Kutoka Wodini, sehemu ya 6: Angekufa je?

Leo sizungumzii chanjo wala kunyonyesha. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu, acha niliseme.

Usiku mmoja nikiwa zamu tulimpokea mama aliyejifungulia njiani, anavuja damu vibaya. Mimi nachua tumbo mfuko wa uzazi ukaze, mwenzangu anatafuta mshipa aweke dripu. Mara dada mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa anamuuguza ndugu yake kitanda cha pili, akamshika yule mama mkono: "Mpokee Yesu sasa hivi, hujui kama utaiona asubuhi." Mama wa watu, mtandio umeanguka huko, anatetemeka, anaitikia tu ndiyo, ndiyo. Nikamtoa yule dada nje. Kwa ukali, nakiri.

Mama alipona. Lakini Jumapili baada ya ibada yule dada akaniuliza: "Sista, na angekufa je?"

Swali hilo lilininyima usingizi, maana mimi naamini. Siyo Mkristo wa Krismasi. Najua muda ni mfupi, kazi yangu inanionyesha kila wiki, kwa hiyo simcheki mwenye haraka. Ila ile ndiyo ya kitandani mimi siihesabu. Mtu mwenye hofu anaitikia chochote. Hata upasuaji tunatakiwa tumweleze mgonjwa aelewe ndipo aweke saini au dole gumba, itakuwa imani?

Halafu tukumbuke tunaishi wapi. Majirani zetu wengi hapa pwani ni Waislamu tangu enzi za mababu. Wamisionari Wabenediktini walifika huku Wajerumani wakitawala, wakati wa kiboko na pamba ya lazima. Majimaji ilipoanza Julai 1905 huko Umatumbi, hapahapa Kilwa, watu walikuwa wamechoka. Agosti Askofu Cassian Spiss akapita Kilwa kwenda Peramiho na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano wakauawa upande wa Liwale. Nawaheshimu sana. Lakini mwanakijiji aliyewaona wakipita angewatofautishaje na mwenye kiboko? Hakuwahi kukaa nao. Wenzao walirudi, wakakaa, wakatibu watu. Leo mama wa Kiislamu anapelekwa hospitali ya misheni Nyangao au Ndanda akiwa na uchungu, na hakuna anayeshangaa.

Msidhani natetea kunyamaza. Nina jirani yangu, miaka minne tunachota kisima kimoja, watoto wanakula popote jua linapowakuta. Ramadhani anatuletea futari, tambi na uji wa pilipili manga. Miaka yote hiyo sikumwambia neno moja kuhusu imani yangu, nikajiita mstaarabu. Kumbe naogopa tu tusije tukaharibu ujirani. Huo nao ni uongo. Kitu unachosema kinakubeba, unamfichaje mtu unayempenda?

Ramadhani iliyopita tulipoteza kichanga wodini. Nikarudi usiku nikakaa barazani, hata viatu sijavua. Akaja akakaa. "Sista, nyie mkifiwa mnajisemeaje?" Nikamweleza. Kaburi tupu, ufufuo, kwa nini nasali kabla sijaingia zamu. Nilieleza ovyo, kwa kilio. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha naye akanieleza kwao: mtoto mchanga akifa anamngojea mama yake mlangoni peponi. Hakubatizwa, wala mimi sikusilimu. Nikamsaidia kupika daku.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: haraka ipelekeni barazani, kwa mtu mzima wa afya anayeweza kukujibu hapana na kesho mkasalimiana. Wodini, mgonjwa akitaka dua, namuuliza nimwite nani, shehe au mchungaji. Nami nikiombwa naomba.

Yule dada nilimfuata nikamwomba radhi kwa ukali, siyo kwa kumtoa. Hatujakubaliana. Bado anasema nilicheza na roho ya mtu, na sina la kumthibitishia.

Juzi yule mama alileta mtoto kliniki, kilo zinapanda vizuri. Akaniuliza aliyemshika mkono usiku ule alikuwa nani. Mkono anaukumbuka, maneno hakumbuki hata moja. Nikamwambia ni mwenzangu wa kanisani, akataka kwenda kumsalimia. Tumepanga Jumamosi twende wote.

Wiki ijayo narudi kwenye manjano ya watoto wachanga.